Mtoto Asiyesumbua

Siku ya kuniaga walinipa blenda. Nimekuwa nesi wa kiume kwenye wodi ya watoto wa upasuaji wa ubongo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nimeitwa dokta na kila mzazi hata nilipokataa, na siku niliyostaafu ndipo wakaanza kuniita mzee. Blenda iko juu ya kabati hapa Kibaha, bado imo kwenye boksi lake. Mke wangu anasema isubiri wageni. Nyie wadogo zangu mliobaki kazini mliniomba maneno ya hekima siku ile, nami nilikuwa na pilau mdomoni, nikashindwa kusema kitu. Nayaandika sasa. Hekima sina uhakika kama imo.

Nilipofika wodini mara ya kwanza nilipokewa na Sista Generoza, mama wa Kihaya, mfupi, sauti kama ya mwalimu wa gwaride. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa tepu ya kitambaa, ile ya mafundi cherehani, akaniambia nipime kichwa cha kila mtoto aliyelala pale. Nikapima, nikamletea majibu, nikiwa najiona mtu. Akaichukua tepu, akailaza juu ya rula ya chuma. Tepu ilikuwa imenyumbuka.

"Tepu ikichoka, Maganga, vichwa vyote vinapungua, na sisi tunashangilia," akasema. "Ilinganishe na chuma kila Jumatatu."

Nimefanya hivyo mpaka Jumatatu yangu ya mwisho. Somo lake la pili lilikuja siku hiyohiyo. Nilimuuliza mama mmoja mtoto anaendeleaje, akanijibu hajambo, nikaandika hajambo. Sista akanivuta pembeni. "Salamu si maelezo ya ugonjwa. Mtu wetu hata akiwa anakata roho, ukimwambia habari za asubuhi, ataitikia nzuri. Mtazame mtoto kwanza, mama utamsalimia baadaye." Hilo la pili niliona ni ukali wa wazee tu. Ilinichukua muda mrefu zaidi kulielewa kuliko la tepu.

Kwa wasiojua kazi yetu: ndani ya ubongo kuna maji, na maji hayo yana njia yake ya kutokea. Njia ikiziba kwa mtoto mchanga, kichwa kinakua kupita kiasi, ndiyo maana watu wanasema mtoto ana kichwa maji. Ukichelewa, ubongo unabanwa. Kuna namna mbili za kumsaidia. Ya kwanza ni kupitisha mpira mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, maji yakamwagikie huko. Ya pili ni kuingia na kamera ndogo na kuyatobolea maji njia mpya humohumo ndani, bila kuacha mpira wowote. Mpira unaweza kuziba. Tundu nalo linaweza kujifunga. Madaktari wa kila upande wana sababu zao na sauti zao, na nimewasikia wakibishana mpaka chai ikapoa.

Daktari Upendo ndiye aliyechoka kubishana. Alikuwa mpasuaji kijana, mtaratibu, mtu wa kusema jambo mara moja. Akaanzisha utafiti: watoto wanaofaa kwa njia zote mbili wapigiwe kura, nusu wapate mpira, nusu watobolewe, kisha wafuatiliwe kwa maswali yaleyale, tuone. Kwa kuwa nilikuwa nakaa Kibaha, nikapewa watoto wa Kibaha na Kisarawe. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wazazi, kuwapigia simu kila mwezi, na kwenda majumbani inapobidi.

Kuwaeleza wazazi ndiko nilikoanza kutokwa jasho. Baba wa kwanza alikuwa fundi kwenye kiwanda kimoja huko Zegereni, alikuja na ovaroli yake ya kazini. Nikamwambia tuna jaribio. Akasimama.

"Kwa hiyo mnamjaribu mwanangu?"

Neno jaribio nikalizika pale pale, sijalifukua tena. Nikamwambia ni utafiti, njia zote mbili tunazitumia kila siku, ila hatujajua ipi inawafaa zaidi watoto wadogo. Akamgeukia Daktari Upendo, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Yaani dokta mwenyewe hujui?"

"Sijui," akasema Daktari Upendo. "Ningejua, ningekwambia tu, nisingempigia mwanao kura."

Yule baba akacheka kidogo. "Tangu nizaliwe sijasikia daktari akisema hajui. Huyu nampa mwanangu." Akatia sahihi. Wapo waliokataa kwa sababu hiyohiyo, na sikuwalaumu.

Kulikuwa na sharti jingine ambalo lilinikera: familia iwe na simu. Kule Soga nilikuwa na mama ambaye treni inapita karibu na shamba lake kila siku, anaisikia inavyovuma kwenda Dar, na hana simu ya kumwambia mtu kwamba mtoto anatapika. Hakuingia utafitini. Mtoto wake alipasuliwa kama wengine, na hakuna aliyempigia. Nikamuuliza Daktari Upendo, majibu yetu yatamhusu vipi huyu?

"Yatamhusu nusu," akasema. "Najua hilo, Maganga. Usidhani halininyimi usingizi." Nikamwamini, lakini sharti lilibaki.

Sasa nije kwa Zuhura, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Aliletwa na mama yake, Mwanaidi, binti mpole wa kijiji kimoja upande wa Maneromango huko Kisarawe, pamoja na bibi yake mzaa mama, Bi Tatu. Mwanaidi ukimsemesha anatazama vidole vyake. Bi Tatu alikuwa wa aina nyingine. Aliposikia naitwa Maganga aliweka mkoba chini.

"Mnyamwezi?"

"Wa Tabora, bibi."

"Loo! Mwanaidi, tumekwisha. Beba mtoto turudi, huyu atamuuza njiani."

Wodi nzima ikageuka. Mwanafunzi mmoja wa unesi aliyekuwa mazoezini akaja mbio kutuliza ugomvi, nikamwambia akaendelee na kazi yake, hapa hakuna ugomvi. Kwa nyie vijana wa mjini mliosahau: Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Babu zetu walipita kwao na mizigo yao kichwani, wakagombana, wakapatana, na mapatano yakawa kwamba tutaambiana lolote na hakuna atakayekasirika. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya wakwe zako. Mtani huyohuyo ndiye atakayekuja kwenye msiba wako afanye vituko, waliofiwa wacheke hata kama hawataki. Nikamjibu Bi Tatu kwamba Mnyamwezi hana haja ya kuuza Mzaramo, nani atamnunua? Akacheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia hapo tukawa watu.

Kura ilimpa Zuhura mpira. Akapasuliwa, kichwa kikatulia, wakarudi nyumbani kwao kwenye mihogo na mananasi. Mwezi wa kwanza nilipopiga simu mambo yalikuwa sawa, wa pili sawa. Mwezi uliofuata nilipiga asubuhi moja ya mvua, nikiwa na maswali yangu mbele kama kawaida.

Niseme kidogo kuhusu maswali hayo. Yalitungwa kwa Kiingereza, yakatafsiriwa kwenye mkutano wenye sambusa za moto. Dalili moja ya mpira kuziba ni mtoto kutotulizika, analia ukimbeba, analia ukimlaza. Tukatafuta neno fupi. Mtu mmoja akasema "anasumbua". Kila aliyekuwa mezani aliliona linafaa, maana ndivyo watu wanavyosema kweli.

"Shikamoo dokta," akasema Mwanaidi.

"Marahaba, mwanangu. Zuhura hajambo?"

"Hajambo kabisa."

"Anatapika?"

"Anacheua tu, kama watoto wote."

"Analala vizuri?"

"Vizuri sana, alhamdulillahi."

"Anasumbua?"

"Hasumbui hata kidogo, dokta. Majirani wananionea wivu."

Yote mazuri. Ilikuwa imebaki kuagana tu, nikasikia purukushani upande wa pili, na sauti ya Bi Tatu: "Lete hapa hiyo simu. We Mnyamwezi!"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba ya nini? Mimi nilikupa mtoto, wewe umenirudishia kinu. Tukimweka hapa, tunamkuta hapa!"

Nikacheka. Nikamwambia Wazaramo wamezoea ngoma na kelele, wakiletewa mtoto mstaarabu wanadhani anaumwa. Naye akacheka, ila safari hii kicheko kilikuwa kifupi.

"Mstaarabu gani wa kuamshwa anyonye? Jana mpaka tumempaka maji usoni ndipo akafumbua jicho, akatutazama, akalifunga tena. Hata kulia kasahau."

Kicheko changu kiliishia hapo.

"Bibi, huo ni utani au kweli?"

"Vyote viwili. Ukitaka kweli tupu, katafute ndugu yako akwambie."

"Weka kiganja utosini kwa mtoto. Pakoje?"

Nilisikia mvua ya kwao juu ya bati. "Pamejaa," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Pamejaa, pagumu. Maganga, mtoto anakufa?"

Niliogopa. Sina namna ya kulipamba hilo. Nilikuwa nimekaa ofisini na karatasi iliyosema mtoto hana tatizo lolote, na mtoto mwenyewe alikuwa anazimika taratibu mikononi mwa watu wanaomsifia utulivu. Nikamwambia hatakufa kama watatoka sasa hivi, nguo wataletewa baadaye. Bodaboda walikataa ile njia kwa sababu ya tope. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kwingine. Mtendaji wa kijiji, Mungu amweke, akasimamisha pikapu ya mananasi iliyokuwa inashuka sokoni, akamwambia dereva leo mzigo wako ni huu. Nikapiga simu Kisarawe mjini wawapokee na kuwasukuma mbele. Halafu nikakaa kungoja, kazi ambayo hakuna chuo kinachoifundisha.

Walifika wakinukia mananasi. Zuhura alikuwa mlegevu, macho yameangalia chini, lakini alipochomwa sindano alivuta mkono. Daktari Upendo akampeleka ndani moja kwa moja. Ncha ya mpira ilikuwa imeziba kabisa. Akaibadilisha. Alipotoka chumba cha upasuaji alivua kofia ya theta, akasema tu, "Kawahi." Nikaenda chooni nikanawa uso, na sikunawa kwa sababu ya joto.

Mwanaidi nilimkuta kwenye benchi, amejifunika kanga mpaka kichwani.

"Nilikuwa najisifu, dokta," akasema. "Mtoto anakufa, mimi najisifu hasumbui."

"Uliulizwa swali, ukalijibu sawasawa," nikamwambia. "Swali ndilo lililokuwa bovu."

Bi Tatu, aliyekuwa amelala chini kwenye mkeka, akafumbua jicho moja. "Mnyamwezi kasema kweli. Andikeni, haitatokea tena."

Kesho yake nikaingia ofisini kwa Daktari Upendo nimefura. Nikamwambia swali lile litolewe, leo leo. Mama yeyote wa Pwani ukimuuliza mtoto anasumbua, atakujibu hasumbui, ni heshima kwa mtoto na kwa anayeuliza. Na mtoto anayezimika ndiye asiyesumbua kuliko wote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi kulibadili katikati," akasema. "Nusu ya watoto wameshaulizwa hivyo. Ile tepu yako, ukiibadilisha katikati ya kazi, utajuaje kama ni kichwa kimekua au ni tepu nyingine?"

Nilikasirika zaidi kwa sababu alikuwa sahihi. Tukatazamana. Mwishowe yeye mwenyewe akasema maswali yabaki kama yalivyo, lakini yakishaisha na majibu yakishaandikwa, tuongeze jambo moja lisilohesabiwa: tuombe simu apewe yule anayemwogesha mtoto, kisha tunyamaze, tumwache aongee. Mara nyingi ilikuwa bibi. Mara nyingine shangazi, na huko Zegereni alikuwa yule baba wa ovaroli, jambo ambalo hakutaka wenzake kiwandani walijue. Ofisini tuliliita swali la Bi Tatu. Kwenye mahesabu ya utafiti halikuingia popote. Daktari Upendo aliliandika kwenye ripoti, sehemu ya mapungufu, pale ambapo wasomaji wengi wanakuwa wameshachoka.

Majibu ya utafiti si yangu kuyatangaza, yana wenyewe, mtayasoma. Ninachoweza kusema ni kwamba nilikuja kuuheshimu. Mtoto akiwa amelala mezani, ni vizuri aliyeshika kisu awe na kitu cha kushikilia zaidi ya mazoea yake. Lakini utafiti unaanza mlangoni kwa hospitali na kuishia mlangoni kwa hospitali, na watoto wetu wanaishi Maneromango. Nyie mnaobaki, fanyeni utafiti, na mkishamaliza muulize nani anamwogesha mtoto.

Tulirudi kwa familia kuwaeleza yaliyopatikana, Daktari Upendo alisisitiza hilo. Bi Tatu akataka kujua Zuhura amewekwa fungu gani. Nikamweleza kwamba kwa kanuni, mtoto aliyerudi theta anahesabiwa upasuaji wake umeshindwa.

"Umeshindwa?" akasema. Zuhura wakati huo alikuwa anatambaa, ameshika mwiko, anapigia sufuria. "Ameshindwa nani? Mbona ninyi watu mnahesabu vibaya?"

Nikamtania kuhusu mihogo yake.

Miaka ikapita. Simu za kila mwezi zilikwisha, lakini Bi Tatu aliendelea kunipigia kila sikukuu kunitukana. Zuhura akachelewa kutembea, akatembea, mguu mmoja ukawa mzito kidogo. Akaanza shule. Nilipostaafu Bi Tatu alinipigia, akasema serikali hatimaye imegundua kwamba mimi si daktari.

Majuzi simu iliita, nikajua ni yeye, nikajiandaa na tusi langu. Alikuwa Mwanaidi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo," akasema. Kisha akanyamaza, nami nikanyamaza, maana hilo angalau nimejifunza. "Mama ametutoka alfajiri, baba. Wazee wanauliza kama mtani anakuja."

Nilikwenda. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, wanaume kwenye mikeka nje, wanawake ndani. Mjomba wa Mwanaidi aliponiona akasema kwa sauti, "Mtani kaja," na watu wakasogea. Siku hizi utani msibani haupendwi na kila mtu. Sheikh alitazama pembeni, na nilimshukuru kwa hilo. Jeneza lilipotolewa mlangoni nikasimama katikati ya njia, nikanyoosha mikono.

"Haendi popote huyu," nikasema. "Ana kesi na mimi."

Waliobeba wakasimama. Nikalisogelea jeneza.

"Bi Tatu, ulisema nimekurudishia kinu. Haya, leo kinu ni nani? Leo nani tukimweka hapa, tutamkuta hapa?"

Watu walicheka, cheko lile la msibani linalotoka na machozi. Nilikuwa na maneno mengine, nilikuwa nimeyaandaa njia nzima kutoka Kibaha. Hayakutoka. Nikabaki nimesimama na mikono yangu hewani, mzee mzima, huku watu wakidhani nakusanya nguvu za kutania tena.

Hapo Zuhura akachomoka katikati ya wanawake, mguu wake mzito ukivuta vumbi, mpira ukionekana kidogo chini ya ngozi nyuma ya sikio. Akashika kitambaa cha jeneza. Kwa nini bibi amefunikwa uso? Humo anapumuaje? Nani atamwamsha? Aliuliza kwa sauti kubwa ya kuita ng'ambo ya shamba, swali juu ya swali, hangojei jibu, na shangazi yake alipojaribu kumvuta alipiga kelele na kung'ang'ania kitambaa.

Mwanaidi alikuja mbio, amejaa haya, akamshika mkono. "Zuhura! Acha kusumbua watu."

"Mwache," nikamwambia, na nikawapisha wenye jeneza. "Mwache asumbue."